Mkate Ukutani

Mji wa Osh una mlima katikati
kama mtu aliyekaa sokoni akakataa kuhama.
Nyumba zimeuzunguka, magari yameuzunguka,
wauza simu, wauza kofia ndefu za sufu,
nao umekaa tu, magoti juu, hauuzi kitu.

Nilifika Mei. Theluji ilikuwa bado kwenye vilele vya mbali
na mto Ak-Buura ukikatiza mjini kwa makelele,
rangi ya chai ya maziwa.

Maneno ndiyo yaliyonipokea kwanza.
Burul alisema salamu, nikaitikia bila kufikiri.
Alisema dunia, akiipinda kidogo mwishoni.
Akafunua tanuri, yeye aliita tandiri,
na ndani mikate imening'inia kutani kama popo.
Siku mbili angani, kumbe naenda kukuta
jamaa za lugha yangu, wamevaa makoti mazito.

Chai alinimiminia robo ya kibakuli,
mkono wa kulia ukinipa, wa kushoto kifuani.
Nikainywa funda moja. Akamimina robo tena.
Nikadhani ni uchoyo, Mungu anisamehe.
Kesho yake nikashika birika mimi,
nikajaza kibakuli chake hadi ukingoni
kama nilivyolelewa.
Alikitazama. Akacheka mpaka akashika ubavu.
"Wanifukuza? Kwangu mwenyewe?"

Kikijaa, maana yake nenda.
Robo maana yake kaa,
nataka kukuinukia tena na tena.

Pilau ni ya Ergash, wa ng'ambo ya barabara.
Sufuria yake inaweza kumlaza ndama.
Karoti za manjano, kazikata njiti njiti kwa kisu,
saumu nzima nzima, mafuta ya mkia wa kondoo,
mchele wa Uzgen, mwekundu kama umeona haya.
Nikamwambia kwetu tunatia mdalasini,
iliki, karafuu, bizari, pilipili manga.
Alifikiri kwa muda.
"Na mchele," akauliza, "mnausikia?"
Sijamjibu mpaka leo.

Jioni tukaupanda ule mlima.
Juu kuna jiwe lililolainishwa
na migongo ya wanawake wa karne nisizozijua.
Unateleza: unataka mtoto, au unataka mgongo upone.
Burul, miaka sitini na minne, aliteleza na mkoba wake,
sketi imejaa upepo, akipiga yowe la msichana.
"Mtoto au mgongo?"
"Mgongo. Mtoto ninaye."

Usiku ndipo nilipouona, juu ya kabati,
kwenye msumari: mkate mmoja, mkavu,
wenye pengo la meno.
Taalai aliuuma asubuhi aliyoondoka
kwenda Novosibirsk kubeba matofali.
Anayesafiri huuma mara moja,
na mkate humngoja aje aumalize.
Miaka saba.
Anatuma pesa. Anapiga simu, picha inakwama,
mdomo wake wazi katikati ya neno.
"Meno yale," Burul alisema, akifuta vumbi kwenye kabati,
si kwenye mkate, "mawili yameshang'olewa huko.
Mazima ni haya ya hapa."

Siku yangu ya mwisho alinifungia mikate sita kwa gazeti
akanionya nisiilaze kifudifudi, ni dhambi.
Hakuniambia niume. Sikutarajia.
Mlima ulikuwa palepale, dirishani,
una wingu dogo begani kama taulo la kinyozi.

Dereva akapiga honi.
Burul akamimina robo.
Akapiga tena, ndefu, ya hasira.
Akamimina robo.